Namna ya kumtunga adui wa bede (hadithi za picha zilizochorwa) anayetawala mimea, ukiwa Lubumbashi

Adui wangu wa kwanza wa mimea aliuawa na mtoto wa miaka tisa. Nilikuwa nimemchora amesimama katikati ya barabara ya Katuba, mikono juu, mitambaazi minene kama chatu ikipasua lami na kunyanyua mabasi. Kurasa 8, wino safi, nikajisifu mwenyewe kabla hajanisifu mtu. Mtoto wa jirani akazipitia zote, akarudi ukurasa wa pili, akaweka kidole chake hapo: «Yaya, ii miti iko fasi gani huku kwetu?»

Haikuwako. Niliitoa kwenye bede za Wamarekani, nikaipanda Katuba kwa nguvu.

Mwongozo huu ni njia niliyoifuata baada ya hapo. Mwishoni utakuwa na adui mmoja, hadithi fupi ya kurasa 16, na kijitabu cha kufotokopi. Unachohitaji ni daftari, penseli, kalamu nyeusi na viatu vya kutembelea.

Hatua ya kwanza: Wajue waliotangulia, usikae nao sana

Anayejulikana zaidi ni Poison Ivy, adui wa Batman. Robert Kanigher na Sheldon Moldoff walimleta kwenye toleo la 181 la Batman, Juni 1966. Watu wengi hawajui kwamba alipoanza hakuwa akiamrisha miti. Silaha zake zilikuwa sumu na urembo, na nguvu ya kutawala mimea aliongezewa na waandishi waliofuata. Ukianza na adui mwenye nguvu ndogo, hujakosea.

Kabla yake alikuwepo Jason Woodrue, aliyetokea mwaka 1962 kwenye bede ya The Atom. Huyu ndiye anayenifundisha zaidi. Mwaka 1984, katika Swamp Thing iliyoandikwa na Alan Moore, Woodrue anaitumia mimea kuongeza oksijeni hewani ili binadamu waangamie. Hapigwi ngumi akashindwa. Anaulizwa tu: watu na wanyama wakiisha, ni nani atakayeitolea mimea hewa ya ukaa? Hana jibu, na ukichaa wake unaporomoka papo hapo.

Chukua hilo moja: adui wa mimea anashindwa vizuri zaidi akishindwa na jambo ambalo mimea yenyewe inalijua. Mengine yote waachie wenyewe.

Hatua ya pili: Toka nje ukachague mimea mitatu

Mitatu tu. Nimewaona vijana wakijaza orodha ya mimea ishirini, na hadithi inakuwa soko la Kenya siku ya Jumamosi. (Nazungumzia Kenya, komini (wilaya) ya mji wetu. Ndugu wa Nairobi wasihangaike.)

Tembea na daftari. Kwa kila mmea andika mambo manne: unaota wapi, unaota mwezi gani, unaogopa nini, na watu wanausemaje. Hilo la nne wachoraji hulisahau. Jakaranda zetu zinachanua Septemba na Oktoba, na kila aliyesoma hapa anakumbuka maua ya zambarau yamelala chini njiani. Sombe, majani ya muhogo, ni mboga ya kila nyumba. Kikanda kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi pamoja na karanga, na kuna watu ambao ukiwagusia kikanda wanasahau walichokuwa wakikisema. Mmea unaopendwa ukigeuka adui, msomaji anashtuka. Mmea asioujua ukigeuka adui, anafungua ukurasa unaofuata.

Nilipofanya zoezi hili nilipata jakaranda, nikapata miombo ya nje ya mji, halafu nikapata ua ambalo liliipindua hadithi yangu yote.

Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo, ndugu wa rehani na mnanaa, unaoota kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea ya kawaida. Watafiti waliliita ua la shaba, na waliotafuta madini walilifuata kama alama. Wataalamu wa mambo ya kale nao walilitumia kutafuta mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba kabla ya wakoloni, kwa sababu linapenda kuota pale palipokuwa na tanuru, hata kama tanuru lenyewe limeshakuwa vumbi. Wale mafundi wa kale wa Katanga walibandikwa jina la wala shaba. Sasa fikiria: wala shaba wamekwenda, na juu ya majivu yao limebaki ua linalokula shaba. Ningetunga kitu kama hicho mwenyewe ungesema nimezidisha.

Kuna na picha yake ya mbali, nzuri kwa ukurasa wa kwanza. Vilima vyenye shaba havina miti. Msitu wa miombo unakuja, unakuja, halafu unakutana na kilima kipara chenye nyasi na maua tu. Mtu aliyezoea anakiona kwa mbali akajua kilichomo chini.

Ukiwa Goma au Bukavu usiibe ua langu. Bukavu mna mtambaazi wa Sericostachys scandens unaoifunika na kuisonga miti ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, na Goma mna mimea ya kwanza kuota juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Hayo ni maadui tayari, yanasubiri penseli.

Hatua ya tatu: Mpe nguvu moja, kisha ipigie hesabu

Kanuni yangu ni uongo mmoja kwa hadithi. Uongo wangu ni kwamba adui anaweza kuliamuru ua la shaba liote haraka, popote anapotaka. Kila kitu kingine lazima kiwe kweli.

Wazo langu la kwanza lilikuwa wizi: ua linakula shaba, basi adui anavuna majani, anayachoma, anatajirika. Nikachukua kalamu. Kwa muda mrefu watafiti walisema mmea unaostahili kuitwa mlimbikizaji wa shaba ni ule wenye miligramu 1,000 za shaba katika kila kilo ya jani kavu. Miligramu 1,000 ni gramu 1. Maana yake, ili upate kilo 1 ya shaba unahitaji kilo 1,000 za majani makavu, yaani tani nzima. Na majani mabichi ni maji matupu, kwa hiyo zidisha mara nne au tano. Adui wangu angekuwa mkulima maskini kuliko wote wa mkoa wetu wa Haut-Katanga, amejaza malori kwa kilo moja ya shaba, ambayo mwizi wa nyaya anaipata usiku mmoja bila nguvu zozote za ajabu.

Usiikwepe hesabu ya namna hii. Ilinibomolea wazo bovu, ikanipa zuri. Nilijiuliza: kama thamani ya ua haiko ndani ya jani, iko wapi?

Iko kwenye habari. Ua ni ramani. Linasema «hapa chini kuna shaba», na katika mji huu hakuna asiyeelewa sentensi hiyo. Kwa hiyo adui wangu hanyanyui mabasi. Anaotesha ua la shaba mahali ambapo hakuna shaba: nyuma ya choo cha mzee fulani huko Kamalondo, kwenye uwanja wa shule, chini ya dirisha la padri. Kisha anarudi kwake kulala. Asubuhi mtu mmoja anaona ua. Jioni kuna majembe matatu. Baada ya wiki, wenyewe wanachimba chini ya vitanda vyao, kuta zinapasuka, majirani waliokula bukari (ugali) sahani moja hawasalimiani.

Msomaji wa hapa hataona ni ajabu. Kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walichimba hadi ndani ya nyumba zao wakitafuta kobalti baada ya madini kuonekana chini ya nyumba mwaka 2014. Pale madini yalikuwepo kweli. Mimi nimeondoa madini, nimeacha majembe.

Hatua ya nne: Tafuta kinachomshinda, nacho kitoke kwenye mmea wenyewe

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Moto ni jibu la haraka na ni baya. Kila adui wa mimea ameshachomwa, na sisi tunachoma nyasi kila kiangazi bila kumshinda yeyote.

Rudi kwenye lile swali la tatu la daftari: unaogopa nini? Majaribio yaliyofanywa juu ya ua la shaba yalionyesha jambo la kuchekesha. Linaweza kuota kwenye udongo wa kawaida, lakini huko linashambuliwa na kuvu na kudhoofika. Shaba ndiyo inayolikinga. Kwetu sisi shaba nyingi ni sumu, kwake ni dawa ya kuvu.

Soma tena polepole. Ua la uongo, lililooteshwa pasipo na shaba, halina kinga. Litaoza. Na kuvu, kama ulivyo uyoga, si mmea! Ni ukoo mwingine kabisa wa viumbe, hauna majani wala hauli jua. Adui anayetawala mimea hana amri juu ya kuvu hata chembe. Nilipoliona hilo niliamka kitandani nikaandika kwenye simu, maana umeme ulikuwa umekatika.

Sasa kalenda ikajipanga yenyewe. Kwetu mvua hukoma kuanzia Mei, na zinarudi kwa nguvu Novemba. Kuvu inapenda unyevu. Kwa hiyo adui anaanza Septemba, ardhi imekauka, kuvu imelala. Septemba ina zawadi nyingine: miti ya miombo huchipua majani mapya mekundu kabla ya mvua kufika, kwa maji iliyoyaweka akiba. Mandhari ya nyuma yanakuwa mekundu, na mtu wa Lubumbashi anajua ni mwezi gani bila kuandikiwa. Adui ana miezi miwili. Wingu la kwanza likionekana kwenye kisanduku (fremu ya picha) cha ukurasa wa 11, msomaji makini anashika pumzi.

Hatua ya tano: Mpe sababu, lakini usimfanye mulozi (mchawi)

Nasisitiza hapa kwa sababu ni shimo ambalo wengi wametumbukia. Ukichora mzee au bibi anayezungumza na majani, msomaji wetu atasoma neno moja tu: bulozi. Hadithi inakwisha hapo, na umeongeza kuni kwenye moto unaowachoma bibi za watu wa kweli. Mimi simo.

Wangu ni enjinia. Alitumia miaka thelathini kutembea porini akisoma maua kwa niaba ya wengine. Alichora ramani, ramani zikachimbwa, vilima vyake vikawa mashimo, na maua aliyoyajua moja moja yakapotea pamoja na vilima, kwa sababu mimea mingine ya shaba haioti pengine popote duniani isipokuwa kwenye vilima hivyo. Huzuni hiyo ni ya kweli na msomaji anaweza kuishiriki. Kosa lake linaanzia pale anaposema: mnapenda kuchimba? Basi nitawapa mahali pa kuchimba.

Nimempa jina Mulashaba. Adui mzuri ni yule ambaye ukurasa mmoja unakubaliana naye. Ukurasa mmoja, si mitatu.

Hatua ya sita: Mpinzani awe mtu anayekijua kile ambacho adui hakijui

Kwangu hili lilijijibu. Mvua zikianza, mama zetu wanapanga uyoga kandokando ya barabara. Kuna ule unaoota kwenye vichuguu, uitwao Termitomyces: mchwa wenyewe wanaulima ndani ya kichuguu kama chakula chao, na aina moja kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita 1. Vichuguu vyetu navyo si vya mchezo, vingi vinapita mita 5 kwenda juu. Mama muuza uyoga anajua kuvu kuliko profesa. Anajua harufu yake siku mbili kabla haijaonekana.

Kwa hiyo wakati wanaume wote wanachimba, yeye anainama, ananusa shina la ua, anasema linaoza. Hana nguvu za ajabu. Ana pua na miaka ishirini ya biashara. Na ana udongo wa kichuguu kwenye kikapu, ambao anaumwaga kwenye mizizi ya maua ya uongo ili kuyaharakishia kuvu. (Kiini macho kidogo hapo, nakiri. Kuvu ya mchwa si ile inayoozesha ua. Nimekiruhusu kwa sababu yeye mwenyewe anasema kwenye kiputo (duara la maneno) kwamba anabahatisha.)

Hatua ya saba: Viputo viseme kama watu

Maelezo ya pembeni nayaandika kwa Kiswahili cha kitabu, ili msomaji wa Kigoma au Bujumbura asipotee. Ndani ya viputo, Kiswahili chetu. Nilijaribu kumfanya Mulashaba aseme: «Ondoka katika ardhi yangu, ewe mwanamke!» Akawa kama mtangazaji wa redio aliyevaa shati la kukodi. Nikabadilisha:

«We mama, toka mu udongo yangu. Unajua mi njo nani?»

«Najua. We njo ule anakulaka shaba. Lakini hapa hakuna shaba. Kuko uyoga tu.»

Soma kila kiputo kwa sauti. Ukijikwaa, msomaji atajikwaa. Na kisizidi maneno 20. Kama adui ana hotuba, mkate katikati: mtu apite na baiskeli ya makala (mkaa), kuku alie, chochote.

Hatua ya nane: Kuchora

Kwanza jakaranda, kwa sababu itakutesa. Jani lake limegawanyika, na kila kipande kimegawanyika tena. Ukichora kila kijani kidogo utazeeka kwenye kisanduku kimoja. Chora umbo la tawi zima kama wingu, weka vijani kumi hivi kwenye ukingo ulio karibu na jicho, jicho la msomaji litamalizia.

Ua la shaba ni kinyume chake: ni dogo, kwa hiyo lichore kwa uangalifu mara moja, kubwa, kisanduku kizima, mapema, ukurasa wa 2. Kuanzia hapo nukta tatu nyeusi kwenye kona ya picha zinatosha. Kwenye ukurasa wa 9 nimechora harusi. Watu wanacheza, chakula kipo, na chini ya kiti cha bibi harusi kuna nukta tatu. Hakuna aliyeniuliza zile ni nini.

Mmea unaoota usiuchoree mistari ya mwendo kama ngumi. Rudia kisanduku kilekile mara tatu, bila kubadilisha chochote isipokuwa mmea. Ukuta, kiti, ndoo: vilevile. Ukimya huo unatisha kuliko mshindo.

Tumia nyeusi na nyeupe. Kivuli cha penseli kikipita kwenye mashine ya fotokopi kinatoka kama uchafu, kwa hiyo weka mistari ya wino iliyobanana. Acha sentimita 1 tupu kila upande, mashine hukata kingo. Toleo langu la kwanza lilikatwa kichwa cha adui kwenye kurasa tano, na fundi aliniambia kwa upole kwamba karatasi ndiyo yenye makosa.

Hatua ya tisa: Kukunja

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Siri ya mpangilio: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha lazima upate 17. Karatasi ya nje kabisa ina 16 na 1, mgongoni mwake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, kisha 4 na 13. Endelea hivyo hadi katikati, 8 na 9. Kunja karatasi tupu kwanza, andika namba kwa penseli, ndipo uchore. Pini mbili kwenye mkunjo, basi.

Hatua ya kumi: Mpe mtoto

Usimwelezee kitu. Kaa pembeni, jifanye unachonga penseli, tazama kidole chake kinasimama wapi. Kikisimama muda mrefu kwenye picha nzuri, sawa. Kikirudi nyuma kurasa mbili, kuna mahali ulimpoteza, weka alama.

Yule wa jirani sasa ana miaka kumi na moja. Alisoma Mulashaba ameegemea ukuta wetu, hakurudi nyuma popote. Alipofika mwisho, mvua inanyesha, maua yameoza, mama wa uyoga anapanga kofia zake kando ya barabara, akafunga kijitabu na kukitazama jalada.

«Yaya, na kama ule enjinia anapanda ua yake fasi kuko shaba ya kweli?»

Toleo la pili nimelianza juzi. Niko ukurasa wa 3.